Rangi ya Manjano Nyuma ya Mwigizaji

Vijana wangu, kila mnapokuja hapa Buyenzi, Bujumbura, kunitembelea na kamera zenu shingoni, mnaniuliza juu ya Doru. Mmesikia kwamba nilikuwa msaidizi wa Mromania aliyepiga filamu katika nchi nyingi, na mnataka niwaambie siri zake. Nitawaambia ninazozijua. Nyingi zitawasaidia kesho asubuhi kazini. Moja haitawasaidia kitu, lakini siwezi kuwapa hizo nyingine nikaificha hiyo.

Tuanze na mkono. Doru alitembea na kipima mwanga kifuani, kimefungwa kwa kamba ya kiatu. Alipokuwa mwanafunzi kwao alifundishwa kukielekeza kipimo kwenye mkono wake mwenyewe: ukijua mwanga unaopiga mkono wako, umejua mwanga unaopiga uso wa mwigizaji. Akaja Afrika mara ya kwanza, akafanya alivyofundishwa, na filamu iliporudi kutoka maabara watu wote walikuwa meno na macho tu. Tangu siku hiyo hakuupima tena mkono wake. Alimwendea kila mtu atakayeonekana kwenye picha, hata yule wa kupita tu na kapu, akainama kwa adabu na kusema kwa Kiswahili chake kibovu, "Naomba shavu."

Wanawake wa sokoni walikufa kwa kicheko. "Muzungu anaomba shavu! Mpe, mpe, labda ataomba na mahari!"

Naye alicheka nao, lakini kipimo kilikuwa kimeshakaa kwenye shavu. Fanyeni hivyo. Mashine zenu za leo zinajipima zenyewe, nazo ni hodari, ila hazijui umekuja kumpiga nani. Mwendee mtu. Msogelee. Hata kama kipimo hukihitaji, yeye anahitaji kukuona usoni kabla hujamwelekezea lenzi.

Aliniajiri mara ya kwanza kwa sababu nilikuwa fundi wa magari, na gari la kundi lake la sinema lilikufa mbele ya karakana ya mjomba wangu. Nikalitengeneza, akaitazama mikono yangu, akaniuliza kwa Kifaransa chake cha kukwaruza kama naweza kuizungusha nati bila kuiangalia. Nikasema ndiyo. Akasema basi wewe ni mtu wa kamera.

Siku ya kwanza niliona vumbi kwenye lenzi, nikalifuta kwa pindo la shati langu. Shati la fundi, vijana! Doru hakunifokea. Alivua miwani yake, akaichovya kwenye sahani ya mukeke wake, samaki wa ziwani wa kukaanga, akaifuta kwa shati lile lile, akanivisha. "Sasa tembea mpaka barabarani," akasema. Nikajigonga kwenye mlingoti wa umeme. Mpaka leo sijawahi kugusa lenzi kwa kitu kingine ila kitambaa chake.

Mambo haya aliyatoa kwao. Alisoma wakati filamu zilipokuwa haba, na mwalimu wao aliwafanya wapige kwa kamera tupu muda mrefu, wakielekeza, wakizungusha, wakihesabu, bila filamu ndani, mpaka mikono ikajua. Kwa hiyo Doru alipiga mara moja, na ile moja ilikuwa safi. Ndiyo maana waliokuwa na fedha za kutengeneza sinema huko Paris, Roma na kwingineko walimwita. Alipiga theluji ya Kanada na mchanga wa Tunisia. Waliitwa wapigapicha wakubwa kwanza, wakikataa joto au malaria au vita, aliitwa yeye. Alilijua hilo. Alikuwa akisema, "Saidi, mimi ni daktari wa zamu ya usiku. Wananipenda sana, mpaka kunakucha."

Basi vita vyetu vikamleta hapa. Ilikuwa miaka ile ya mwisho mwisho, watu wa mtaa wa Kinama wameanza kurudi kwenye nyumba zao zilizobomolewa, wameziezeka bati na turubai, huku milio ikisikika milimani. Kampuni ya ng'ambo ilikuja kutengeneza filamu ya bibi daktari mmoja wa Ulaya anayekuja kutuokoa. Msicheke. Kulikuwa na vijana wengi waliopata kula kwa sababu ya bibi daktari huyo. Nyumba yake walimpangia Kiriri, juu kule, kwenye bustani na ukuta. Mateso yake wakaamua yapigwe Kinama.

Njiani kwenda Kinama kulikuwa na bariyeri, kizuizi cha askari. Siku ya kwanza mmoja wao aliona mfuko wetu mweusi wa kubadilishia filamu. Ninyi hamuujui. Ni mfuko mzito usiopitisha mwanga, una mikono miwili kama ya koti; unaingiza filamu na kasha lake, unafunga, unapitisha mikono yako, unafanya kazi kwa vidole tu. Askari akataka ufunguliwe. Ukifunguliwa, kila tulichopiga kinaungua kwa mwanga. Doru akamshika askari yule mikono, taratibu, akaipitisha mwenyewe ndani ya mfuko.

"Shika. Umeona?"

"Mi sioni kitu. Iko kama mukanda."

"Vizuri sana. Siku utaona, imekufa."

Askari akacheka, akaita wenzake nao waje washike. Tulichelewa kazini kwa sababu kila mmoja alitaka zamu yake. Mtu kama huyo ungempenda. Mimi nilimpenda, na ninayasema haya kwanza ili mjue uchungu wangu unatoka wapi.

Sasa moshi. Mwanga wenyewe hauonekani, vijana. Unaonekana pale tu unapogonga kitu. Ile mistari ya jua mnayoiona ikiingia dirishani ni vumbi. Kwa hiyo mpigapicha anayetaka jua lionekane likishuka kati ya nyumba anatia moshi kidogo, mwembamba, usiopaa. Doru alikuwa bingwa wa moshi. Tulikuwa na mashine inayochemsha mafuta maalumu na kutoa ukungu mweupe unaolala chini. Lakini asubuhi ile ya Kinama mashine iligoma. Nikaifungua, nikaona kipasha joto chake kimeungua na kipuri hakipatikani Bujumbura. Mwongozaji wa filamu, mtu wa haraka, akaamuru wachome nyasi mbichi ndani ya nusu pipa.

Nilimwendea Doru. "Mzee, usikubali. Huku moshi ni habari. Watu wakiona moshi juu ya bati hawaulizi, wanakimbia."

Alinielewa. Alikwenda kwa mwongozaji, wakazungumza. Akarudi akasema mkuu wa zone ameshaambiwa na askari wameshaambiwa. Ilikuwa kweli. Waliokuwa na bunduki walijua kwamba ni sinema. Ambao hawakuambiwa ni waliokaa mitaa ya nyuma, wasiokuwa na bunduki wala ofisi.

Doru akatazama juu. Jua lilikuwa limefika pale alipokuwa akilisubiri tangu alfajiri, na lingekaa hapo dakika chache tu. Mpigapicha akiona jua lake linaondoka anakuwa kama mtu mwenye kiu. "Kidogo tu, Saidi," akasema. "Kidogo tu."

Niwaeleze picha yenyewe, maana kila kitu kimo humo. Bibi daktari anapita sokoni akitujia, analia. Mwongozaji alitaka uso wake peke yake uwe mkali na soko lote nyuma yake liwe ukungu wa rangi. Ili kupata hilo unafungua tundu la lenzi mpaka mwisho. Sehemu inayoonekana vizuri inabaki nyembamba kama upana wa kiganja. Mtu akitembea, kiganja hicho lazima kitembee naye. Hiyo ndiyo ilikuwa kazi yangu: pete ya lenzi. Yeye akipiga hatua, mimi naizungusha kidogo. Nilikuwa nimepima njia yake yote na kuweka vizibo vya chupa ardhini kama alama. Kope zake zilikuwa mali yangu.

Nyuma walipangwa watu wa Kinama wenyewe, na bidhaa zao. Kati yao alikuwa Mama Chantal, muuza mboga za lenga-lenga niliyemjua tangu ujana wake, na binti yake Chantal, wa umri ule wa meno mawili mapya ya mbele. Mtoto alikuja na gauni lake la kijivu la shule. Yule dada wa mavazi akamvua, akamvisha gauni la manjano. Alisema nyuma panahitaji rangi.

Kamera ikaanza. Bibi daktari akaanza kutembea, machozi tayari. Nikaanza kuzungusha. Upepo wa ziwa, ambao huku huamka mchana na siku ile uliamka mapema, ukauokota ule moshi wa nyasi na kuuinua juu ya mabati, mnene, mweupe, ukaupeleka mitaa ya nyuma.

Mtu akagonga bati. Halafu sauti ya mwanamke, ndefu: "Baraje! Baraje!" Wanakuja.

Waliokuwa sokoni walijua kwamba ni sinema. Lakini ukisikia neno lile, miguu haingoji akili. Wakakimbia wote. Waliokuwa kisimani wakapita katikati yetu na bido zao, yale madumu ya plastiki ya maji. Mwongozaji alidhani Mungu amemletea zawadi. "Msikate! Endelea! Endelea!" Bibi daktari hakugeuka nyuma, alidhani imepangwa, akazidi kulia, akatembea vizuri kuliko mazoezini. Jicho la Doru lilikuwa kwenye kamera, na ndani mle aliona nilichokuwa nikimpa: uso ule, na nyuma ukungu. Mkono wangu uliendelea kuzunguka, kizibo kwa kizibo. Sikukosa hata kimoja. Kisha askari wa bariyeri wakapiga risasi hewani kuwatuliza watu, na mnajua risasi ya kutuliza hufanya nini.

Filamu ikaisha ndani ya kasha. Mbele yetu meza za sokoni zilikuwa zimepinduka, parachichi zimekanyagwa, na ndala, ndala nyingi za mguu mmoja mmoja.

Watu walikuwa wamekimbia njia mbili. Wengine walishuka magharibi, kwenye uwanda, kuelekea mpakani na Uvira. Wengine walipanda mashariki, milimani. Kufikia kesho yake wengi walikuwa wamerudi. Chantal hakurudi.

Mama Chantal alikuja kwangu asubuhi, mtoto mchanga mgongoni, mwingine mkononi. Mke wangu alimpa kiti, lakini yeye akakaa sakafuni.

"Baba Rehema, mutoto aliniachia mukono. Mi nilianguka, nikaamka, sikumuona tena. Wengine wanasema alishuka na watu wa Uvira. Wengine wanasema alipanda. Na hawa wawili wadogo, siwezi kwenda huku na kule. Ile mashine yenu ilikuwa inatuangalia?"

"Ilikuwa inaangalia, dada."

"Basi iliona. Iulize."

Nikamweleza kama ninavyowaeleza ninyi. Picha imelala ndani ya filamu, haionekani mpaka ioshwe kwa dawa, na maabara iko Ulaya. Alinisikiliza mpaka mwisho.

"Sasa iliona na haiwezi kusema?"

"Itasema. Isubiri kidogo."

Nilimpeleka kwa Doru hotelini. Alimsikiliza, nikitafsiri, kisha akasimama na kwenda kwenye simu. Nilimsikia akimpigia kelele mtu wa maabara, yeye ambaye hakumfokea mtu hata siku moja. Kasha lile lilipanda ndege ya kwanza. Alitaka lioshwe kabla ya mengine yote, liwekwe kwenye kaseti ya video, lirudi. Akamshika Mama Chantal mikono. "Subiri," akasema kwa Kiswahili. "Picha itajua."

Akasubiri. Majirani walimwambia aende tu, popote, Mungu atamwongoza. Akawajibu kwamba wazungu wana picha. Sisi watu wa kamera tulimpa imani hiyo, maana ndiyo imani yetu wenyewe. Siku zikapita, mvua zikaanza, na kila aliyekuwa amemwona mtoto mwenye gauni la manjano alizidi kusahau wapi.

Kaseti ilipofika tuliitazama hapa hapa sebuleni. Doru alikaa mkekani. Mama Chantal alikaa karibu na runinga, karibu mno, kama anayeota moto.

Uso wa bibi daktari ukatokea. Vijana, sijafanya kazi safi kama ile kabla wala baada. Ungeweza kuhesabu kope. Tone la chozi lilikuwa na dirisha dogo la mwanga ndani yake. Na nyuma, moshi wa dhahabu, na rangi zikielea: buluu, nyekundu, kijani. Hapakuwa na mtu hata mmoja nyuma. Palikuwa na rangi. Kisha zikaanza kutawanyika. Doa la manjano likajitenga na doa la buluu, likatoka kushoto, upande wa uwanda. Mama Chantal akaruka.

"Ni yeye! Huyu hapa! Alikwenda Uvira!"

Na kabla hajamaliza, doa jingine la manjano likakatiza, likatoka kulia, upande wa milima.

Tukarudisha. Tukarudisha tena. Mimi nilikuwa nimeshafahamu, na Doru alikuwa ameshafahamu, tukawa hatutazamani. Bido za maji za Bujumbura ni za manjano, vijana. Zote.

"Mwambie," Doru akaninong'oneza.

"Mama Chantal, hii inaweza kuwa yeye. Inaweza kuwa bido."

"Na hii ingine?"

"Nayo inaweza."

Akageukia runinga, akauangalia ule uso mkubwa mzuri unaolia. "Kwa nini huyu anaonekana sawasawa, na sisi tumekuwa maji?"

Nikatafsiri. Doru akajibu polepole, nikageuza neno kwa neno: kamera si jicho, jicho lako linatafuta, kamera inaona pale tu ilipoambiwa.

"Nani aliiambia?"

Mkono wangu ulikuwa umelala juu ya goti. Doru akajigusa kifua. "Mimi," akasema. Hakuniangalia.

 Mama Chantal akauliza, si kwa hasira, kama mtu anayeuliza njia: "Sasa mi nifanye nini na *inaweza*?"

Alichagua Uvira. Alisema lile doa la kushoto linarusha mguu kama Chantal. Doa halina mguu, lakini hatukusema. Alivuka na wale wadogo, akatembea kambi kwa kambi, akarudi mvua zilipokwisha. Akapanda milimani njia ilipofunguka. Huko nako watu walikuwa wamehamahama mara nyingi mno, hata wasiweze kukumbuka mtoto wa mtu.

Doru aliwaomba wenye filamu waikate ile picha. Akawaeleza ni nini. Wakamjibu kwamba hiyo ndiyo picha bora katika filamu nzima. Ilipoonyeshwa mjini nilikaa safu ya nyuma, na ukumbi ulipiga makofi palepale, moshi ulipopanda. Mwishoni waliandika shukrani kwa wakazi wa Kinama.

Nilifanya kazi naye tena, Kigoma na Senegali. Alikuwa amebadilika. Alifunga tundu la lenzi, akadai taa nyingi, akataka mlima ulio mbali uwe mkali kama uso ulio karibu. "Nataka kuwaona wa nyuma," alisema, kila siku, kwa kila mwongozaji. Walilalamika kwamba taa zake ni ghali na picha zake zimekuwa kama za pasipoti. Wakaacha kumwita, mmoja baada ya mwingine. Mwisho alipiga matangazo ya sabuni kwao, kisha hata hayo yakaisha. Mkewe alinipigia simu kuniambia amezikwa. Najua mtu aliyeharibu kazi yake kwa kujaribu kulipa kitu kisicholipika, na najua wale wenye filamu ile hawakupoteza hata usingizi.

Kaseti ilibaki kwangu. Mama Chantal alizoea kupita akitoka sokoni. Anakaa palepale karibu na kioo, naiweka, likifika doa la kushoto ananiambia nisimamishe. Ninyi hamkuzikuta kaseti, basi niwaeleze. Ukiisimamisha, utepe hausogei, lakini kichwa cha deki kinaendelea kuzunguka na kuukwangua mahali pale pale. Ule unga unaoshika picha unatoka kidogo kidogo. Kwanza inaondoka rangi. Niliitolea nakala, na nakala nayo ikaenda vivyo hivyo, maana macho yake yalikuwa yanataka sekunde ile ile.

Mwaka huu alikuja. Nywele zake ni nyeupe sasa. Nikaiweka. Bibi daktari hana tena kope, ana mistari tu inayotetemeka. Palipokuwa na manjano pamejaa chenga za kijivu, za kuume na kushoto sawasawa. Akaweka kidole kwenye kioo.

"Simamisha. Huyu hapa. Unamuona, Baba Rehema?"

"Namuona," nikasema.